Ganda baya la chungwa: kutafuta chanzo kuanzia shina la chini hadi siku ya kuchuma

Ganda nene, ganda lenye makunyanzi, ganda lililopasuka au lililobaki kijani huonekana siku ya kuchuma. Kasoro yenyewe karibu kila mara ilianza miezi kadhaa nyuma, na nyingine ilianzia kitaluni, siku mche ulipobebeshwa. Mkulima anayeona ganda baya wakati wa mavuno akakimbilia mfuko wa mbolea mara nyingi anaandaa ganda baya zaidi la msimu unaofuata. Kwa hiyo kwa kila dalili tunauliza kwanza: kasoro hii iliingia lini? Ukishapata jibu, orodha ya washukiwa inapungua sana.

Neno moja la kuwekana sawa. Tunaposema shina la chini tuna maana ya ule mche wa mlimau, mdanzi, mchenza au jamii nyingine uliobebeshwa jicho la mchungwa. Mizizi yote ya mti wako ni yake.

Kalenda ya ganda

Ganda lina tabaka mbili. Ya nje ndiyo yenye rangi na vifuko vya mafuta. Ya ndani ni nyeupe, laini kama sponji. Kuanzia maua yanapodondosha petali hadi kama wiki ya 6 au ya 9, tunda linagawanya seli zake, na sehemu kubwa ya ukuaji huo ni ganda. Kata katunda ka wakati huo, kadogo kama gololi, utaona karibu lote ni weupe, na vyumba vya maji vimebanana katikati kama nukta. Baada ya hapo vyumba vinaanza kujaa maji, vinalisukuma ganda kutoka ndani, nalo linatanuka na kuwa jembamba. Mwishoni ukuaji unapungua, kijani kinavunjika na rangi ya chungwa inajitokeza.

Unene na ukwaru huamuliwa zaidi katika miezi 2 ya mwanzo, pamoja na mambo yasiyobadilika kama shina la chini na umri wa mti. Kupasuka ni tatizo la kipindi cha kujaa maji. Rangi ni ya wiki za mwisho. Makovu ya kijivu ni ya utotoni. Madoa ya mafuta ni ya siku ya kuchuma yenyewe.

Kabla ya kulaumu chochote

Chuma machungwa 20 kutoka miti 5, manne kwa kila mti: mawili ya nje yanayopigwa na jua, mawili ya ndani kivulini. Usichague mabaya tu. Yakate katikati, sawa na kiuno cha tunda, si kutoka kikonyo kwenda kitovu. Pima ganda kwa rula ya milimita sehemu tatu za kila tunda, uandike. Kwa aina nyingi za machungwa matamu, ganda la milimita 4 hadi 6 ni la kawaida. Ukiona 7 au 8 kwenye miti yote, una tatizo la shamba zima. Ukiona 7 kwenye mti mmoja na 5 kwa majirani zake, tatizo ni la mti huo. Angalia pia katikati ya tunda: kuna tundu? Kuna utomvu wa kahawia kwenye weupe? Mbegu zimejaa au zimesinyaa?

Kisha tambua shina la chini. Wengi hawajui miti yao imebebeshwa juu ya nini, na kitalu kilichouza miche hakipo tena. Usikate tamaa, mti wenyewe husema. Tafuta chipukizi lililoota chini ya alama ya kubebeshea. Likiwa na vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, shina ni mchungwa wa majani matatu (Poncirus trifoliata) au chotara wake kama Carrizo, Troyer au Swingle. Jani moja lenye kikonyo chenye mbawa pana na harufu kali ya uchungu ukilifikicha ni mdanzi. Chipukizi changa chenye wekundu wa zambarau na jani lenye harufu ya limau ni jamii ya milimau, na mara nyingi ni ule wa ganda lenye makunyanzi (Citrus jambhiri). Kama hakuna chipukizi, tazama maungio, yaani pale jicho lilipoungana na shina la chini: mchungwa wa majani matatu na machotara wake hunenepa kuliko sehemu ya juu, hivyo huacha bega unaloweza kuliweka kiganja. Kwenye mlimau maungio huwa karibu laini.

Ukimaliza kuchunguza, kata machipukizi hayo. Yakiachwa huwa mti.

Dalili: ganda nene, lenye ukwaru, tunda kubwa lakini maji haba

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na lina vyanzo vingi vinavyofanana kwa sura. Vichunguze kwa mpangilio huu.

*Umri.* Mti mchanga unaozaa mara ya kwanza hadi ya tatu au ya nne hutoa matunda makubwa yenye ganda nene. Nguvu zake ni nyingi kuliko mzigo. Hakuna dawa na haihitajiki. Usihukumu aina wala shina kwa mavuno hayo.

*Mzigo.* Mti mkubwa uliozaa matunda machache mwaka huu baada ya kuzaa sana mwaka jana utafanya vivyo hivyo. Hesabu matunda kabla ya kupeleka udongo maabara.

*Maua ya nje ya msimu.* Matunda ya maua yaliyochelewa, hasa baada ya ukame kukatika ghafla, huwa makwaru kuliko ndugu zake walio kwenye tawi hilohilo. Ukikuta tawi moja lina matunda ya sura mbili, jibu ni hilo.

*Shina la chini.* Mlimau wa makunyanzi, na ndugu yake mlimau wa Volkamer, una mizizi yenye pupa. Hushuka chini na kusambaa, hunyonya maji mengi hata kwenye mchanga mkavu, na hulipatia tunda maji muda ambao shina jingine lingekuwa limebana matumizi. Tunda linakua haraka na kuwa kubwa, ganda linanenepa, sukari na ukali vinazimuliwa. Ndiyo sababu mkulima wa nchi kavu huupenda, na ndiyo sababu mnunuzi wa matunda ya mezani hulalamika. Mchungwa wa majani matatu hufanya kinyume: tunda dogo kiasi, ganda laini na jembamba, sukari nyingi. Carrizo na Troyer hukaa karibu na upande huo. Mdanzi hutoa ganda zuri na maji mazuri. Mchenza wa Cleopatra hutoa tunda dogo lenye ganda jembamba, nao huchelewa kuanza kuzaa vizuri.

Kama shina lako ni mlimau na ganda ni nene shamba zima kila mwaka, mbolea haitakupa ganda la Carrizo. Kinachowezekana ni kuacha kuongeza unene juu ya ule wa asili, na hapo ndipo lishe inapoingia.

*Lishe.* Kumbuka mwelekeo huu: naitrojeni ikizidi, ganda hunenepa na kuwa kwaru, potasiamu ikizidi, vivyo hivyo, na tunda hukua, fosforasi ikipungua, ganda hunenepa, katikati ya tunda kunabaki tundu na maji huwa makali. Mti mwenye ganda nene na tundu katikati usiupe naitrojeni kabla ya kupima fosforasi.

Kipimo cha kuaminika ni cha majani. Chukua majani 100 hivi kutoka miti 15 hadi 20, yenye umri wa miezi 4 hadi 6, kwenye vijiti visivyo na tunda. Jani la nyuma ya tunda hudanganya, kwa sababu tunda limeshalinyonya. Viwango vinavyofaa ni naitrojeni asilimia 2.5 hadi 2.7, fosforasi 0.12 hadi 0.16, potasiamu 1.2 hadi 1.7. Naitrojeni ikipita 3.0 au potasiamu ikipita 2.4, umeshapata mshukiwa mkuu.

Hesabu unachoweka kwa naitrojeni yenyewe, si kwa uzito wa mfuko. Gramu 500 za naitrojeni kwa mti kwa mwaka ni kama kilo 1.9 za mbolea ya CAN yenye naitrojeni asilimia 26, au kilo 1.1 za urea. Halafu jumlisha samadi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika: mkulima anaweka CAN kamili, kisha anaongeza ndoo kadhaa za samadi ya kuku akiiona kuwa ni rutuba tu ya udongo. Samadi huachia naitrojeni polepole, sehemu yake ikitoka wakati tunda linatakiwa kutulia na kugeuka rangi. Ukiweka samadi, punguza CAN, na uiweke mapema kabla ya maua.

Gawa naitrojeni mara 2 au 3, theluthi mbili ziishe kufikia tunda linapokamata. Ya mwisho iwe imeshawekwa angalau miezi 3 kabla ya rangi kuanza kugeuka.

*Boroni.* Ganda nene, tunda gumu kama jiwe, na ukilikata unakuta vifuko vya utomvu wa kahawia ndani ya weupe: hiyo ni njaa ya boroni. Usikisie kipimo, maana kati ya upungufu na sumu ya boroni pana nafasi ndogo sana. Pima majani kwanza. Sehemu 36 hadi 100 kwa milioni zinatosha.

*Hali ya hewa.* Nchi kavu yenye hewa isiyo na unyevu hutoa ganda nene na kwaru kuliko nchi yenye unyevunyevu, hata kama aina, shina na mbolea ni vilevile. Ukilinganisha machungwa yako na ya mtu wa pwani yenye unyevu, kumbuka hilo kabla ya kununua chochote.

Dalili: tunda linapasuka likiwa bado mtini

Ufa huanza upande wa kitovu, mahali ganda lilipo jembamba zaidi, kisha hupanda kuelekea kikonyo. Machungwa ya kitovu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa kitovu chenyewe ni mlango uliokwisha kufunguka nusu.

Chanzo cha kawaida ni maji ya kupanda na kushuka. Udongo unakauka, tunda linasimama kukua na ganda linapoteza unyumbufu wake. Mvua kubwa inanyesha, au mtu anafungulia maji siku nzima kufidia, vyumba vya ndani vinavimba haraka na ganda linashindwa kuvifuata. Mwagilia kwa kipimo. Mti wenye mwavuli wa kipenyo cha mita 4 unafunika mita za mraba 12.6. Siku ya joto ikivuta milimita 4, mti huo umetumia kama lita 50. Kumwaga lita 350 mara moja kwa wiki kwenye udongo wa kichanga hakulingani na lita 50 kila siku au 100 kila siku ya pili, ingawa jumla ni ileile: sehemu kubwa ya zile 350 inapita chini ya mizizi, na siku 3 za mwisho mti una kiu. Chimba sentimita 30 kwa koleo, finyanga udongo mkononi. Ukishikamana bila kutoa maji, subiri. Ukimwagika kama sukari, umechelewa.

Matandazo ya sentimita 8 hadi 10 husaidia sana, lakini yaache sentimita 30 mbali na shina. Yakigusa gome huita uozo wa Phytophthora, kimelea cha udongoni kama ukungu, na utautambua kwa utomvu unaotiririka karibu na ardhi.

Mshukiwa wa pili ni potasiamu ndogo. Matunda ni madogo, ganda ni laini na jembamba kuliko kawaida, majani yanaonyesha chini ya asilimia 1.2. Rekebisha udongoni kwa msimu mzima. Kwa msaada wa haraka nyunyizia nitrati ya potasiamu, kilo 2 hadi 3 kwa lita 100 za maji, asubuhi na mapema au jioni, baada ya tunda kukamata na tena wiki kadhaa baadaye. Jaribu miti 3 kwanza uone kama majani yanaungua. Usipulizie wakati wa jua kali.

Kama kuna nyufa pamoja na vidonda vya kahawia vyenye utomvu juu ya ganda na vijiti vinakufa ncha, tafuta upungufu wa shaba badala ya potasiamu.

Shina la chini linahusika hapa pia. Yale yanayotoa ganda jembamba, Cleopatra hasa, hayana akiba ya kuvumilia makosa ya maji. Mti wa mlimau husamehe wiki ya ukame. Wa Cleopatra hukupa nyufa.

Dalili: mifereji juu ya ganda

Shika tunda lililoiva karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Kwenye ganda utaona vijia vilivyobonyea vikipindapinda, kama mito kwenye ramani, na kati yake vilima vidogo vilivyoinuka. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye kijia: ganda linazama. Limenye. Kwa ndani, tabaka jeupe limepasuka kwa mistari ileile huku tabaka la rangi likiwa zima. Tunda hilo ukilipanga kwenye kreti, lile la juu yake linalipasua njiani.

Kasoro hii huonekana mwishoni lakini mbegu yake hupandwa mapema, seli za weupe zinapojengwa. Kuta za seli hushikwa pamoja kwa msaada wa kalsiamu, na tunda hupokea kalsiamu vizuri zaidi likiwa changa, kabla halijaanza kuvimba. Mnyunyizio wa kalsiamu mwezi mmoja kabla ya kuchuma kwa ajili ya mifereji ni fedha iliyopotea. Anza wiki ya 3 hivi baada ya petali kudondoka, uende hadi wiki ya 10, mara 3 hadi 5, kwa nitrati ya kalsiamu gramu 500 hadi kilo 1 kwa lita 100. Lilenge tunda lenyewe, kwa sababu kalsiamu iliyotua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Usiichanganye kwenye pipa moja na mbolea yenye fosfati au salfeti. Hugandana na kuziba pua ya bomba.

Potasiamu ndogo na ganda jembamba huongeza mifereji. Mwaka wa mzigo mkubwa wa matunda madogo pia. Na kuchelewa kuchuma ndiko kunakoikuza: shamba lenye historia ya mifereji lichumwe kwanza, lisiachwe mtini likisubiri bei.

Baadhi ya wakulima hutumia asidi ya gibereli (homoni ya mimea), gramu 1 hadi 2 za kiambato kwa lita 100 (sehemu 10 hadi 20 kwa milioni), tunda likiwa bado kijani. Hulichelewesha ganda kuzeeka na hupunguza mifereji. Gharama yake ni rangi: hiyo nayo huchelewa. Usiitumie kwenye matunda unayotaka kuyauza mapema.

Dalili: tunda tamu, ganda kijani

Kijani hakimaanishi bichi. Klorofili ya ganda huvunjika vizuri usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi kwa siku kadhaa. Nyanda za chini za tropiki hazipati usiku wa namna hiyo, na chungwa huiva ndani likiwa kijani nje. Pima utamu kwa refraktomita, onja, hesabu maji, ganda lisikuhukumie.

Pale ambapo usiku ni baridi na bado rangi inagoma, rudi kwenye naitrojeni ya kuchelewa. Mti unaotoa majani mapya mabichi wakati matunda yanatakiwa kugeuka umelishwa kupita kiasi au umechelewa kulishwa. Shina lenye pupa kama mlimau huliongeza tatizo hilo, kwa kuwa linaendelea kuvuta. Aina ya Valencia ina tabia yake: huweza kugeuka chungwa, kisha joto likirudi ikiwa bado mtini, ikaanza kurudi kijani kuanzia upande wa kikonyo. Dawa ni kuchuma kwa wakati.

Kutoa kijani ghalani hufanywa kwa ethilini ya sehemu 1 hadi 5 kwa milioni, unyevu wa hewa asilimia 90 hadi 95, hewa ikibadilishwa mara kwa mara ili kaboni dioksidi isijikusanye, kwa siku 1 hadi 3. Tunda liwe limeshaanza kubadilika. La kijani kibichi kabisa halitii. Ukizidisha muda, vikonyo hudondoka na uozo huingia hapo. Kabaidi usiitumie. Gesi yake huja na uchafu wa sumu, na nchi nyingi zimeipiga marufuku kwenye matunda.

Tahadhari moja kubwa. Tunda dogo, lililopinda upande, lenye rangi ya chungwa upande wa kikonyo huku kitovu kikibaki kijani, mbegu zimesinyaa na maji ni machungu: huo ni ugonjwa wa kijani (greening), unaoletwa na bakteria na kusambazwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani machanga. Majani yake huwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa mkuu. Mbolea haitibu. Ng'oa mti, dhibiti mdudu, nunua miche safi.

Dalili: makovu, kutu na madoa

Kovu la kijivu cha fedha, lisilo na umbo maalumu, upande unaotazama upepo: tunda changa lilisuguliwa na jani au kijiti katika wiki 12 za mwanzo. Panda miti ya kukinga upepo, pogoa vijiti vikavu. Kovu la duara linalozunguka kikonyo kama pete ni kazi ya thripsi, wadudu wadogo sana waliojificha chini ya kikombe cha ua. Kuwapulizia baada ya kovu kutokea hakufuti kitu.

Ganda la kahawia au jeusi kama lililopakwa kutu ni utitiri wa kutu. Tumia lenzi ya kukuza mara 10 kuwatafuta wangali hai. Salfa ya kuchanganya na maji huwaweza, ila usiipulizie joto likipita nyuzi 32 wala karibu na wiki uliyotumia mafuta ya kupulizia, maana ganda litaungua.

Vidoa vidogo vilivyoinuka, vya kukwaruza kama msasa, hutokana na ukungu unaoishi kwenye vijiti vilivyokufa. Kupogoa vijiti hivyo ni nusu ya tiba; nusu nyingine ni dawa ya shaba ndani ya wiki 8 hadi 12 baada ya petali kudondoka. Doa jeusi lililobonyea lenye katikati ya kijivu, linalojitokeza tunda likiiva, liliambukizwa miezi mingi nyuma: tunda hubaki wazi kwa ukungu huo hadi miezi 4 au 5.

Mabaka ya kahawia yaliyobonyea, huku vifuko vya mafuta vikiwa vimesimama juu kama vipele, yanayotokea siku 1 hadi 3 baada ya kuchuma, si ugonjwa. Ni mafuta ya ganda yenyewe yaliyomwagika na kuunguza seli za jirani. Hutokea tunda likichumwa limejaa maji: alfajiri yenye umande, baada ya mvua, baada ya kumwagilia. Vifuko huwa vimekaza na hupasuka kwa kuguswa tu. Subiri umande ukauke. Baada ya mvua kubwa subiri siku moja au mbili. Wachumaji wakate kucha, watumie mkasi badala ya kuvuta, wakate kikonyo sawa na ganda kisichome tunda la jirani, na wasilirushe tunda kwenye kreti.

Dalili: mti mmoja tofauti katikati ya safu

Ganda la mti huo ni nene, kwaru, au tunda si la aina uliyopanda kabisa. Fuata shina kwa mkono kutoka tawi lenye tunda hilo hadi ardhini. Likitokea chini ya maungio, shina la chini limeteka mti na unachuma malimau au madanzi. Likitokea juu, shina la chini huenda ni mche uliopotoka. Mbegu nyingi za jamii hii hutoa miche inayofanana na mama, lakini michache hutokana na uchavushaji na huwa na tabia zake. Kitaluni hutambulika: midogo kuliko wenzake, au majani ya umbo jingine. Hung'olewa kabla ya kubebesha.

Shina lisipofaa

Kukata matawi na kubebesha aina mpya juu hakubadilishi mizizi, hivyo hakubadilishi sehemu ya ganda inayotoka kwenye mizizi. Kuotesha miche ya shina jingine kando ya mti na kuiunganisha na gome huokoa mti ambao mizizi yake inaoza, lakini kwa ajili ya ganda peke yake ni kazi kubwa kuliko faida. Badilisha wakati wa kupanda upya, sehemu kwa sehemu.

Kabla ya kuchagua, dondosha siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Mchungwa wa majani matatu na Swingle watapata manjano ya ukosefu wa chuma, na ganda zuri la kitabuni hutaliona. Maji ya chumvi yakuelekeze kwa Cleopatra au mndimu wa Rangpur, ukijua kwamba Cleopatra inataka nidhamu ya maji. Mdanzi hutoa ganda zuri, lakini penye virusi vya tristeza na vidukari wanaovisambaza mchungwa uliobebeshwa juu yake hufa. Mchanga mkavu usio na umwagiliaji unabaki kuwa wa mlimau, kwa ganda lake nene na yote.

Majicho yatoke kwenye miti iliyopimwa magonjwa, maana Carrizo, Troyer, Rangpur na mchungwa wa majani matatu hubambuka gome na kudumaa wakibebeshwa jicho lenye exocortis, ugonjwa wa viroidi (kimelea kidogo kuliko virusi). Kisu kichovywe kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya kufulia yenye klorini kwa sehemu 4 za maji kila unapohamia mti mwingine. Maungio yawe sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, na miaka yote ya palizi udongo usisogezwe kuyafunika.